Sinema Isiyomhitaji Lukmani

Kwa miaka kumi na tisa Lukmani alikaa kwenye kigoda chake kando ya runinga, katika banda la video pale Kibondo, akiwatafsiria watu sinema. Kiingereza alijifundisha mwenyewe kwa kamusi iliyokosa jalada. Mwigizaji akifungua kinywa, naye hufungua. Kiswahili kwanza, kisha Kiha kidogo, lugha iliyo jirani na Kirundi, kwa ajili ya rafiki yake Bazilio, mkulima wa mihogo aliyevuka kutoka Burundi ujanani na ambaye Kiswahili cha haraka kilimshinda mpaka leo. "Amesemaje?" Bazilio huuliza, akiinamisha sikio. Sikio hilo Lukmani alilihesabu kuwa mali yake.

Zamani watu walibanana humo hadi mlangoni. Siku hizi kila mmoja ana sinema yake mfukoni, anacheka peke yake njiani kama mwenye wazimu. Wamebaki wazee na watoto wachache.

Jumapili moja alasiri Asmahani, mwenye banda, alileta katuni mpya kutoka Kasulu. Sanamu ya matambara, iliyosimikwa shambani kufukuza ndege, inafanya urafiki na kunguru mwenye bawa bovu. Lukmani akakohoa, akangoja waseme. Dakika kumi zikapita, muziki tu. Akaona awasaidie.

"Sanamu anasema, karibu bwana kunguru, za huko utokako..."

"Mzee Lukmani," Asmahani akamkatiza, "hawa hawasemi. Ndivyo walivyotengenezwa."

"Mwanangu, huo ni uvivu wa waliowatengeneza."

Watu wakacheka. Bazilio hakucheka. "Nyamaza kidogo, shehe wangu. Naona."

Tangu hapo Lukmani hakuitazama tena runinga. Alimtazama Bazilio: anavyotabasamu kabla ya kuambiwa, anavyojishika magoti, machozi yanavyomtoka bila mtu kumtafsiria huzuni. Analilia matambara na ndege. Yeye Lukmani amekausha koo miaka yote hiyo, wala hajawahi kumliza hata mara moja. Wivu ukamshika.

Sinema ilipokwisha alikwapua kigoda akatoka bila kumngoja mwenzake, ingawa siku zote waliongozana hadi njia panda ya kwenda Nduta. Bazilio akamfikia, anahema.

"Umebeba na kigoda. Unahama?"

"Nikae nifanye nini? Una macho yako."

"Na wewe yako yalikuwa wapi? Mvua ilipokuja, sanamu alifanyaje?"

Lukmani akakaza mwendo.

"Hujui," Bazilio akasema. "Ulikuwa unanitazama mimi, kama mke mwenza."

Bazilio akaanza kumsimulia hivyo hivyo, Kiswahili chake kikijikwaa kwenye Kirundi: kunguru amepona, karuka, karudi, sanamu kalowa. Lukmani alivumilia hatua kama ishirini, kisha akasimama, akaweka kigoda chini, akakikalia.

"Unaharibu. Umeanzia katikati," alisema. "Anza pale shambani, tena polepole."

Na kwa kinyongo chake chote, akainamisha sikio.