Bega la Naseeb

Ukimkuta Naseeb kwenye geti la ghala analolinda kule Midrand, Johannesburg, hutadhani kwamba mtu huyu aliwahi kulipwa kwa kudaka mipira. Besiboli aliijulia shuleni, Dar es Salaam. Akawa shotistopu, yule anayesimama kati ya kituo cha pili na cha tatu, pale mpira unapokuja kama umetumwa kuua. Yeye huudaka na kuurusha kituo cha kwanza kabla mkimbiaji hajafika. Kwa mkono huo timu moja ndogo ya Japani ilimchukua.

Msimu wa pili bega likaanza kumuuma. Kila asubuhi kocha aliwauliza wachezaji hali zao, na kila asubuhi Naseeb alijibu, "Mzima kabisa." Ndivyo alivyolelewa: hata mwenye msiba ndani, akiulizwa habari, huanza na njema, ndipo aseme la kusema. Naseeb, bwana wee, akaishia kwenye njema. Chumbani alijikanda mafuta ya karafuu na kumeza vidonge. Lakini mficha maradhi kilio humfichua. Siku ya mechi alirusha mpira, bega likaachia, mpira ukaanguka kabla ya nusu ya njia. Alifanyiwa upasuaji, lakini mkono haukurudi, akafungasha virago, na mwishowe riziki ikamleta Johannesburg.

Miaka yote hii ya Johannesburg alikuwa na neno moja la kumtuliza: hata angesema, wangemfukuza tu. Mgeni mgonjwa nani anamtaka? Mkewe, Biubwa, alilizoea hata akawa anammalizia.

Ijumaa moja mwaka huu, baada ya swala mjini, alikutanishwa na Shehe, Mtanga anayeuza mablanketi ya jumla. Kumbe Shehe ndiye aliyeletwa kujaza nafasi yake katika timu ileile! Walicheka, wakaenda kunywa chai.

"Ulidumu?" Naseeb aliuliza.

"Misimu sita, kaka. Ingawa mwezi wa kwanza tu bega lilinichachamalia."

Naseeb aliweka kikombe chini. "Ukafanyaje?"

"Eish, si nilimwambia kocha! Yule mzee mfupi. Akanipumzisha msimu mzima, na mshahara napata."

Alikuwa kocha yuleyule.

Nyumbani Biubwa alimwuliza mbona amenuna. Alimweleza yote, akalia mbele yake bila kuficha uso.

"Wangeningoja, Biubwa," alisema. "Wangeningoja."