Kanda za baba ziko kwenye mpunga

Leo sauti ya marehemu baba nimeikuta Mikese, inafukuza ndege.

Nyimbo za kanda zake za kaseti, za enzi za ruksa miaka ile ya themanini, nilishazihamishia kwenye flashi. Kanda zenyewe niliziacha kwa mama, kule Mwembesongo. Leo nakuta kabati tupu!

"Si ulisema nyimbo zote unazo? Nimempa mjomba wako," mama akasema.

Mbio hadi Mikese, shambani kwa mjomba. Utepe wote kauvuta, kaufunga kwenye miti, unavuma juu ya mpunga.

"Ndege hawatui kabisa, mpwa wangu!"

Kumbe mimi ndiye mjinga. Kanda moja haikuwa na nyimbo, baba alijirekodi akituaga alipozidiwa. Sikuihamisha. Niliogopa kuisikiliza.

Nikauliza iko mti gani.

Mjomba akacheka. "Kwani si zote sawa tu?"