Mwimbaji wa Akiba

Wanaojua mpira watanielewa upesi. Mchezaji wa akiba ana jezi, mazoezi anafanya, posho anapata, lakini mechi anaitazama akiwa benchi. Katika opera ni vivyo hivyo, ila benchi lenyewe ni chumba kisicho na dirisha chini ya jukwaa, chenye birika la maji moto na spika ndogo ukutani, ambamo unawasikia wenzako wanaoimba juu ya kichwa chako. Heneli alikaa kwenye benchi hilo miaka tisa, na katika miaka yote hiyo hakuitwa hata mara moja.

Asubuhi alishona kingo za magodoro kiwandani, karibu na uwanja wa ndege wa Auckland. Alijifunga skafu shingoni hata siku za joto, na kwenye vumbi la sponji alivaa barakoa mbili. Wenzake walimtania.

"Heneli, shingo hiyo umeilipia mahari nini? Mbona unaificha hivyo?"

Alicheka kwa macho tu. Hakupiga kelele, hakwenda baa zenye muziki mkubwa, na simu alizikata mapema. Mwimbaji wa opera huitunza sauti yake kama mkulima anavyotunza mbegu, na asiyeongea na watu, watu nao hatimaye humzoea hivyo. Alipanga chumba kimoja Otahuhu. Alikuwa na miaka arobaini na moja, na kwenye friji yake kulikuwa na sahani moja iliyofunikwa.

Uimbaji aliutoa kwa baba yake, Mzee Kelepi, mwalimu wa kwaya ya kanisa la Watonga, watu wa visiwani, kule Mangere. Mzee aliandika nyimbo ubaoni kwa tarakimu badala ya nota, kama Watonga wanavyofanya, na Heneli alizisoma tarakimu hizo kabla hajajua kusoma jina lake. Lakini mwanawe alipokwenda kusomea opera, mzee hakufurahi.

"Kuimba ni kwa Mungu na kwa maiti," alisema. "Hao wengine unawaimbia nini?"

Heneli akaenda hivyohivyo. Alisoma, akamaliza, akaenda Ujerumani na sanduku moja, akabisha hodi kwenye majumba ya opera mji hadi mji. Kila mahali alisimama mbele ya watu watatu au wanne wenye kalamu, akaimba, akaambiwa sauti ni nzuri na atapigiwa simu. Pesa zilipokwisha alirudi nyumbani, na kampuni ya opera ya mjini ikamwandika akiba wa sauti ya tatu, ile ya juu ya wanaume.

Aliyepigiwa simu alikuwa mdogo wake wa kike, Kalolaine, aliyemfuata katika opera.

Hapa lazima niseme jambo ambalo Mtonga hahitaji kuambiwa. Kaka na dada wakishabalehe, huwa na mpaka kati yao. Heneli alipofika miaka kumi na tano alihamishiwa gereji, akalala huko mpaka alipoondoka kwao. Hakuingia tena chumbani kwa dada yake. Hawakukaa pamoja mbele ya televisheni, maana huwezi kujua ni saa ngapi watu watabusiana. Maneno ya mapenzi hayakutajwa mmoja akiwapo karibu na mwenzake. Si kwamba walichukiana. Kwa Watonga dada ni mtu wa juu, na kaka humheshimu kwa kukaa mbali. Heneli alimpenda dada yake kwa namna hiyo, kwa mbali, na kadiri nyota ya dada ilivyopanda huko Ulaya, umbali nao ulizidi.

Kisha mwaka ule Kalolaine akarudi kuimba nyumbani kwa mara ya kwanza. Opera ilikuwa ya Kitaliano: binti wa mwenye kinu cha kusaga anampenda askari aliyejeruhiwa. Kalolaine angekuwa binti. Askari angekuwa Craddock, Mwaustralia kutoka Perth, mwenye kifua kama tangi la maji. Na kampuni ikampa Heneli mkataba wa kuwa akiba wa Craddock.

Mtonga mwenye akili zake angekataa. Heneli akatia saini.

Alijiambia kwamba Craddock hajawahi kuugua. Alijiambia kwamba miaka tisa si mchezo, kama hakuitwa mpaka sasa hataitwa. Lakini sababu ya kweli ilikuwa ile spika ya ukutani. Akiwa akiba angemsikia dada yake kila onyesho, na hakuna ambaye angemwona akimsikiliza. Mazoezi aliyafanya na mwanamke mwingine, akiba wa Kalolaine. Craddock na Kalolaine walipofikia kubusiana, alitoka akaenda kusimama koridoni kama mtu aliyeitwa na simu.

Onyesho la mwisho lilikuwa Jumamosi mchana. Kanisa lilikodi basi zima. Hata Mzee Kelepi alikuja, yeye ambaye hajawahi kukanyaga jumba la opera, amejifunga mkeka wa heshima kiunoni kama anakwenda kwa mfalme. Alikuja kwa ajili ya binti yake.

Heneli alikuwa ndiyo kwanza anachemsha maji yake wakati Bronwen, meneja wa kampuni, alipoingia akihema.

"Craddock hana sauti. Anatoa upepo tu. Heneli, siku yako imefika!"

Heneli akaweka kikombe chini. "Siwezi," alisema.

"Huwezi nini? Wimbo wote unaujua!"

"Naujua. Yule ni dada yangu."

"Najua ni dada yako. Jamani, ni maigizo! Hilo busu tutaliondoa. Utamshika mkono tu."

"Hata mkono. Na yale maneno."

"Maneno ni ya Kitaliano, nani atayaelewa?"

"Tafsiri inamulikwa juu ya jukwaa, Bronwen, herufi kubwa kama milango. Baba yangu anajua kusoma."

Bronwen akaketi kwenye kiti pekee kilichokuwamo. Alisema akiba wa akiba hakuna. Alisema wakilifuta onyesho, watakaorudi nyumbani bila kumsikia Kalolaine ni haohao wa kwao. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa na ukumbi unaojaa juu ya kichwa chake.

Heneli akamtajia njia nyingine. Ipo njia moja inayotumika katika kazi hiyo mwimbaji akipotewa na sauti. Mtu mwingine huigiza jukwaani akifungua mdomo tu, na mwenye sauti husimama pembeni, gizani, nyuma ya kistendi cha nota, akaimba. Rupert, msaidizi wa mwelekezi wa maigizo, alizijua hatua zote za askari, na Rupert si ndugu wa mtu. Lakini hata hiyo haikuwa juu yake Heneli kuiamua.

"Kuna shangazi yangu kwenye foleni nje," alisema. "Lesieli. Nenda ukamwite."

"Shangazi yako ana kazi gani humu?"

"Ni dada wa baba yangu. Kwetu ndiye mwenye kuamua."

Bronwen alitaka kucheka, akaona uso wa Heneli, akaenda.

Shangazi Lesieli aliingia na upepeo mkononi na kapu la chakula begani, maana hakuwa mtu wa kuacha kapu lake kwa wageni. Alisikiliza habari yote akiwa amesimama. Kisha akamgeukia Rupert, aliyekuwa ameshaletwa, na kumtazama toka juu hadi chini.

"Huyu ndiye atakayemkumbatia binti yetu?"

"Ndiyo, mama," alisema Rupert.

"Umekula leo?"

"Nimekula, mama."

"Haionekani. Usimwangushe."

Rupert akawa mwekundu mpaka masikioni. Shangazi akamrudia Heneli, na sauti yake ikashuka.

"Wewe utakuwa wapi?"

"Pembeni. Gizani."

"Nani atajua kuwa ni wewe?"

"Kabla pazia halijafunguliwa, Bronwen hutoka akatangaza. Husema fulani anaumwa, na anayeimba pembeni ni fulani."

"Hulitaja jina?"

"Hulitaja."

"Basi asilitaje."

Bronwen akaingilia kati. "Samahani sana, mama, lakini hiyo ni haki yake. Ndiyo desturi ya kazi hii. Amengoja miaka tisa!"

"Na sisi tunayo yetu, mwanangu, imengoja zaidi ya hiyo." Hakusema kwa ukali. Akamshika Heneli mkono, jambo ambalo hakuwa amelifanya tangu Heneli alipokuwa mtoto. "Nisikilize. Ukitajwa jina, baba yako itambidi asimame atoke. Akisimama yeye, basi zima litasimama, na Kalolaine ataviimbia viti. Usipotajwa, kila mmoja atapata pa kujificha. Masikio hukubali kudanganywa yakiwa yenyewe yanataka. Lakini mimi sikulazimishi. Ukitaka kupanda na jina lako, panda. Mimi nitarudi nyumbani na kapu langu."

Juu yao watu walikuwa wakiingia ukumbini. Vishindo vya viatu vyao vilisikika darini. Katika vijitabu walivyokuwa wakigawiwa mlangoni majina ya akiba hayaandikwi. Heneli alijua jina lake lingesikikaje ukumbini, maana alikuwa amelitamka mwenyewe mara nyingi, kwa sauti ya Bronwen, kichwani, akiwa juu ya mashine ya kushonea. Alijua pia nani angelisikia leo. Baba yake hakuwa amekuja kabla ya leo, na hangekuja tena.

"Mwambieni dada ajiandae," alisema. "Mimi sipo."

Shangazi akaenda chumbani kwa Kalolaine, akakaa kidogo, akarudi.

"Amekubali. Anasema usimtazame."

"Sitamtazama."

Bronwen akatoka mbele ya pazia. Akasema Craddock anaumwa, na kwamba leo askari ataimbwa na mwenzetu kutoka pembeni. Ukumbi ukangoja jina, halikuja, ukapiga makofi machache ya adabu.

Heneli alisimama na nguo nyeusi, kitaa kidogo kikimulika nota, mgongo wake kwa jukwaa. Mstari wake wa kwanza ulitoka na mtetemo kama mlango uliofungwa siku nyingi. Wa pili ukafunguka. Kufikia sehemu ya pili ya opera hakuwa tena anawaza wale watu wenye kalamu, wala magodoro.

Kisha ukafika ule wimbo wa wawili, binti na askari wakiahidiana kinuni. Heneli alikuwa ameuogopa. Aliukazia macho ukuta uliopakwa rangi nyeusi, akaona msumari mmoja uliopinda, akauimbia msumari ule. Na hapo, kabla ya neno lake la kwanza, alisikia pumzi. Kalolaine alikuwa akivuta pumzi nukta moja mbele yake, kama alivyokuwa akifanya walipokuwa watoto wakiimba bega kwa bega kanisani, yeye akimwonyesha njia na kaka akimfuata. Heneli hakumtazama tena mwongozaji wa okestra. Alifuata pumzi. Sauti mbili zilikwenda pamoja mpaka juu kabisa, zikakaa huko, na wala hazikugusana vibaya. Yalikuwa maneno ya mapenzi, ndiyo. Lakini ndani yake kulikuwa na miaka ishirini na sita ya kupishana mlangoni bila kuinua macho, na hilo halikuandikwa kwenye tafsiri.

Ukumbi uliinuka. Mwisho wa onyesho Rupert, kwa adabu ya kazi, alinyoosha mkono pembeni ili watu wampigie makofi mwenye sauti. Heneli alikuwa ameshazima kitaa na kurudi nyuma hatua kadhaa. Mkono wa Rupert ulielekea gizani, na makofi yakaufuata hukohuko.

Nje, kando ya basi, Kalolaine alivishwa maua mpaka kidevuni. Kina mama walilia, wakamshika mashavu, wakamwimbia. Shangazi Lesieli alifungua kapu, akagawa viazi vikuu, na nyama ya kopo iliyopikwa kwa tui ndani ya majani ya magimbi. Heneli akaja akasimama pembezoni, akapewa sahani kama wengine.

"Nilidhani hao Wazungu wanapiga kelele tu," alisema Maka, mpiga tarumbeta wa kanisa, mdomo umejaa. "Kumbe! Lakini yule mwanamume wa pembeni, jamani, yule sauti yake—"

"Kula, Maka," alisema Shangazi.

"Nakula. Nasema tu, yule ni nani? Maana mimi kama naijua ile..."

"Viazi vinapoa, Maka."

Maka akamtazama Shangazi, akamtazama Heneli, akajaza mdomo. Watu wakaanza kuzungumzia njia ya kurudi.

Mzee Kelepi alikuja polepole. Macho yake yalikuwa mekundu. Alisimama karibu na mwanawe, wote wawili wakilitazama basi.

"Umetoka kazini?"

"Ndiyo, baba."

"Kazi ilikwendaje?"

"Ilikwenda vizuri."

Mzee akatikisa kichwa kukubali, akakitikisa tena. Akaurekebisha mkeka wake kiunoni, ingawa ulikuwa umekaa sawa.

"Kunywa maji ya moto," alisema. "Koo lisikauke."

Akapanda basi.

Kalolaine naye alipita kuelekea mlangoni. Alisimama mahali ambapo dada anaweza kusimama, macho yake kwenye lami.

"Kaka, umekula?"

"Nimekula."

Sahani ilikuwa bado mkononi mwake, haijaguswa. Kalolaine aliiona. Akapanda.

"Heneli, njoo basi!" mtu aliita dirishani. "Tutabanana."

"Nendeni," alisema. "Mimi napanda treni."

Milango ikafungwa. Basi halijatoka hata kwenye maegesho watu wakaanza kuimba wimbo wa kanisa, kama Watonga wanavyofanya wakiwa zaidi ya wawili, na Heneli akaisikia kwaya nzima kupitia vioo, sauti ya kwanza imejaa, ya nne imejaa, ya tatu nyembamba kama uzi. Alisimama pale pale na sahani yake mpaka basi lilipokata kona.