Kijibomba cha Maji

Siku yangu ya kwanza kazini, mkuu wa maabara ya damu alinitazama kuanzia buibui hadi viatu, akaniuliza, "Bi Zuhura, unaogopa damu?" Nikamwambia siogopi. "Basi hapa utajifunza kuiogopa," akasema, akanikalisha mbele ya darubini. Kutwa nzima nilihesabu chembe nyeupe mpaka shingo ikakakamaa. Nyinyi vijana mashine inawahesabia, na bado mnalalamika!

Baadaye nilipelekwa bara kusomea jeni, yaani yale maagizo ya urithi yaliyomo ndani ya chembe za mwili. Niliporudi Mombasa, katikati ya miaka ya tisini, nilipangiwa maabara ya utafiti wa saratani ya damu, ghorofani, si mbali na Bondeni. Tulikuwa tukitafuta kipande cha jeni kilichoungana vibaya, alama ya ugonjwa. Huwa kidogo mno, kwa hiyo mashine hukinakili tena na tena mpaka kionekane chini ya taa maalumu, mstari unaong'aa. Kando ya kijibomba cha mgonjwa, kichupa chembamba cha kupimia, huwekwa kingine cha maji matupu. Maji hayana jeni, hayatakiwi kung'aa hata kidogo.

Mkurugenzi wetu alikuwa msomi hasa, mtu wa bara, na joto la kaskazi lilimtesa. Hakuachana na feni yake ya mezani. Akiingia chumba cha kufungulia vijibomba vyenye nakala za jeni, anayo. Akihamia chumba cha kutayarishia damu, anayo. Msimu huo dawa za mashine zilikwama bandarini, akaamuru tuache kupima maji ili tusizimalize.

Ndipo ikaletwa damu ya Salma, msichana wa shule. Alikuwa ametibiwa kwa dawa kali zilizomnyonyoa nywele na nusura zimuue, kisha akapata nafuu. Baba yake, Mzee Athmani, fundi cherehani, aliketi kwenye benchi la nje akingoja kujua kama ugonjwa umerudi. Wodini, daktari alishaandaa dawa zile zile.

Ukaidi wangu ulinifanya niweke maji siku hiyo. Nilipowasha taa, mstari wa Salma uling'aa.  Nikatazama pembeni: maji nayo yaling'aa.

"Mkurugenzi, maji yana saratani," nikasema.

"Nani alikwambia uyaweke? Umechanganya vijibomba tu. Mpe daktari jibu, anangoja."

"Sikuchanganya. Na jibu hili halitoki."

"Nani mkurugenzi hapa?"

"Ni wewe. Lakini haliendi bila sahihi yangu, na mimi siiweki. Mtoto wa watu atakufa kwa dawa!"

 Kazi ile ndiyo iliyolisha nyumba ya mama yangu kule Majengo, na mkurugenzi alikuwa amefura kwa hasira. Feni ikatupepea sote wawili, karatasi zikaruka mezani. Nikaitazama. Ya Rabbi!

"Ni feni yako," nikasema. "Inazoa matone ya nakala za wagonjwa wengine kule, inayamwaga kwenye damu huku."

 Mkurugenzi akainama, akaichomoa ukutani. Akapiga simu wodini mwenyewe: "Usimpe dawa. Ngoja."

Tukatupa kila dawa ya mashine iliyokuwa wazi, tukasugua meza, tukaanza upya, madirisha yamefungwa, jasho linatutiririka. Kesho yake tukawasha taa. Kijibomba cha mgonjwa tuliyejua hakika anaumwa kiling'aa. Maji, giza. Salma, giza. Nililia, sioni haya kusema.

Mkurugenzi alitoka kumweleza Mzee Athmani, na hakumficha habari ya feni. Mzee akasujudu pale pale ukumbini. Alipoinuka alifuta macho, akauliza kwa upole, "Na wale waliopimwa kabla ya mwanangu?"

 Tulirudia damu zote zilizosalia kwenye friza. Nyingine zilikuwa zimekwisha, na wenyewe walishazikwa, tusijue waliuawa na ugonjwa au na dawa.

Sasa nimestaafu. Vijana huniuliza nilivumbua nini, nami huwaambia wapime maji kila siku, hata mkubwa akikataza. Nikikutana na Mzee Athmani njiani, hunipa salamu za Salma na wanawe. Swali lile hajaniuliza tena. Namshukuru, maana jibu lake sinalo hadi leo.