Pipa Lililofukizwa Moshi

Akiru Ekal aliajiriwa tarehe 6 Februari 2023 kuwa fundi wa maabara moja ndogo mjini Lodwar. Tarehe hiyo imeandikwa kwenye kadi anayoivaa shingoni. Kazi yake ni kulisha bakteria. Chembe zao za urithi zimebadilishwa ili wale sukari ya maganda ya mathenge, mti wa miiba ulioziba njia za mbuzi kote Turkana, na watoe asidi ya kutengenezea plastiki inayooza.

Joto la Lodwar linawatosha. Chumba hakina hita. Adhuhuri, bati likialika kwa jua, Akiru huketi kando ya pipa akitazama kipima asidi. Namba ikishuka, asidi imezidi: wanakula. Anasema mara nyingine usingizi humchukua, akaona kundi jeupe la mbuzi lisilo na mwisho likiteremka mto Turkwel kunywa maji, bila kengele, bila vumbi, naye akilihesabu bila kuchoka.

Mwezi Juni mwaka jana pipa la zamani lilipasuka. Jipya, la plastiki, lilinuka kiwanda. Akiru alikulia Lorugum, kwa mama mwenye ng'ombe, na mikono yake ilifanya ilichozoea: aliwasha vijinga, akalifukiza pipa ndani kama wafugaji wanavyofukiza kibuyu cha maziwa kuondoa harufu, kisha akamimina mchuzi wa maganda na mbegu ya bakteria.

Siku mbili namba ilisimama kwenye sita.

"Umewapa moshi?" Mkuu wake, Dakta Lokol, hakupandisha sauti. "Akiru, haya si maziwa ya mama yako."

Ilibaki chupa moja ya mbegu. Hiyo nayo ikifa, jaribio lingefungwa, na Abang angepoteza mnunuzi wake wa pekee. Abang ni mkimbizi kutoka Sudan Kusini. Yeye na wanawake tisa hukausha na kusaga maganda hayo Kakuma.

Abang alipiga simu jioni hiyo. "Hao watoto wako bado wamelala? Waambie sisi huku tumeamka tangu saa kumi alfajiri, waache uvivu."

Akiru hakucheka. Alimpigia mama yake, Nabei, akamweleza yote.

"Kibuyu kipya ulikipa maziwa siku ile ile?" mama akauliza. "Wewe! Kibuyu kipya hunywa kwanza. Maziwa ya kwanza ni ya moshi, unayamwaga. Ya pili ndiyo yanaganda. Kwani huko chuo walikufundisha nini?"

Asubuhi Akiru alimweleza Lokol. Daktari akasema, "Jaribu."

Walichemsha mchuzi ulioharibika hadi kila kilichomo kikafa, kama sheria inavyotaka, wakaumwaga. Wakajaza pipa mchuzi mtupu, usio na mbegu, wakauacha siku mbili unywe moshi. Nao wakaumwaga. Ndipo Akiru alipofungua chupa ya mwisho.

Kesho yake adhuhuri alisinzia kitini. Alipofumbua macho, chumba kilinuka maziwa ya mgando, na kipima kilisoma tano. Akakifuta kioo kwa kidole. Nne na nusu.

Lokol alivua miwani, akainama karibu na kipima. "Msalimie mama," alisema.

Hadi leo Abang anauza: Jumatatu hii anapakia magunia kumi na mawili ya unga wa maganda kwenye pikapu Kakuma. Akiru atayapokea Lodwar kabla ya saa sita.