Siku Tulipompa Pongo Mgongo

Ukiwa mgeni katika mji na ukataka kujua mahali wanyama wanapofugwa, usiulize njia, fuata pua. Bustani ya wanyama niliyoijua utotoni ilikuwa Bukoba, chini ya mteremko wa Kahororo, pale ambapo nyumba zilikwisha na matete ya ziwa yakaanza, na harufu yake ilinifikia kabla sijaona hata ubao wa langoni. Zilikuwa harufu nyingi kwa pamoja: nyasi zilizolowa mvua, kinyesi cha pundamilia ambacho hakinuki vibaya kama watu wanavyodhani, maganda ya ndizi yaliyoanza kuchacha, na juu ya yote mapanki, yaani vichwa na mifupa ya sangara inayobaki baada ya minofu kuondolewa, ambayo mamba wawili wa bustani waliletewa kwa toroli kila asubuhi. Watu wengine walipita hapo wameziba pua. Mimi nilivuta pumzi mpaka kifua kikajaa. Nilikuwa na umri wa miaka kumi, nimetoka Kamachumu kwa likizo ya Desemba, na hadi siku hiyo mnyama mkubwa kuliko wote niliyewahi kumkaribia alikuwa ng'ombe wa mchungaji wa usharika wetu.

Nilifikia kwa Shangazi, dada mkubwa wa baba, fundi cherehani aliyeishi hatua chache tu juu ya bustani hiyo. Yeye ndiye aliyemshonea Mzee Swedi, mtunza wanyama, makoti yake ya kazi, na kwa sababu hiyo Mzee Swedi aliniruhusu kuingia kila asubuhi kabla ya wageni, kwa sharti moja kwamba nisiingize mkono popote ambapo yeye mwenyewe hajaingiza wake. Babu zake walikuwa wafanyabiashara waliotoka pwani zamani, lakini yeye alizaliwa Bukoba na Kihaya chake kilikuwa safi kuliko changu. Alipenda kufundisha, nami nilipenda kuuliza. Nilipomwona mamba ameachama mdomo nikakimbia, aliniita nirudi, akanieleza kwamba mamba hatoi jasho, hivyo hupunguza joto la mwili kwa kuachama, na kwamba yule wa kuogopwa ni mamba usiyemwona. Aliniwekea chatu mapajani. Nilitarajia utelezi na baridi, kumbe ngozi yake ilikuwa kavu na laini kama mkoba wa ngozi uliotumika sana, na ndani yake nilihisi misuli ikisogea polepole kama maji chini ya blanketi. Nilijigeuza usiku mzima kitandani nikiikumbuka.

Huo ulikuwa msimu wa senene, na mji wote ulikuwa na furaha yake ya kila mwaka. Watoto walikusanya panzi hao wa kijani tangu alfajiri, wanawake waliketi barazani wakiwanyonyoa mbawa na miguu, na kila jiko lilinukia chumvi na mafuta. Nami niliiba wachache kwenye ungo wa Shangazi nikawapelekea tumbili. Tumbili hula senene kwa adabu ya ajabu: humshika mmoja kwa vidole viwili, humgeuza, humng'oa mbawa kama tunavyofanya sisi, kisha hutafuna huku akitazama kando. Mzee Swedi alisimama nyuma yangu akatikisa kichwa.

"Senene wa fundi unampa nyani?"

"Si nyani, Mzee, ni tumbili. Wewe mwenyewe ulinifundisha."

"Basi tumbili mpe mmoja, mwalimu wako mpe watano," alisema, akakinga kiganja.

Lakini mnyama niliyemngojea zaidi alikuwa mmoja tu, na ili ueleweke msisimko wangu ni lazima nikueleze jambo la kwetu. Kila ukoo wa Wahaya una muziro wake, mara nyingi mnyama, ambaye watu wa ukoo huo hawamli, hawamwindi wala hawamtupii jiwe. Wa ukoo wetu ni pongo, swala wa vichakani mwenye aibu nyingi. Shangazi aliimba kwaya kanisani kila Jumapili na hakumwabudu mnyama yeyote. Alisema kumheshimu mtu si kumwabudu, na pongo kwetu ni kama mtu wa nyumbani. Tatizo ni kwamba sikuwahi kumwona. Kamachumu vichaka vilikuwa vimekatwa, na nilikuwa nimekua nikiheshimu jamaa ambaye sura yake siijui. Kwa hiyo Mzee Swedi aliponiambia kwamba siku ya Jumatatu wangeletewa pongo jike, siku hiyo ilipofika sikula chakula cha mchana. Nilikwenda kukaa langoni.

Alikuwa mdogo kuliko nilivyotarajia, kimo cha mbuzi mzuri, rangi ya kahawa iliyoanza kukaangwa, na ubavuni alikuwa na madoa meupe kana kwamba mtu amemrashia unga kwa vidole. Hakuwa na pembe. Madume ndiyo huwa nazo. Macho yake yalikuwa makubwa mno kwa uso ule. Alishushwa kwenye banda la waya lililokuwa wazi pande zote nne, katikati kabisa ya bustani, ili kila aliyelipa amwone vizuri. Wageni walimzunguka. Yeye alisimama katikati, mahali palipokuwa mbali sawasawa na kila uso, akabaki hapo. Mara moja alibweka. Ndiyo, pongo hubweka, sauti moja nzito kama ya mbwa mwenye kikohozi, na watu walicheka wakampigia makofi abweke tena.

Jumanne nyasi alizowekewa zilikuwa vilevile. Jumatano pia. Alhamisi asubuhi nilimkuta Mzee Swedi amechuchumaa nje ya waya, kofia yake iko gotini, na nilijua kuna neno kabla hajalisema. Pongo hakuwa amekula kitu tangu aletwe. Mbavu zilianza kuhesabika. Mwenye bustani alikuwa amekuja jioni iliyotangulia, akamtazama, akasema kwamba mnyama akifa mwenyewe ni hasara tupu. Basi kama hadi Jumamosi asubuhi hajala, achinjwe kabla hajafa, nyama isipotee.

"Nani atamchinja?" niliuliza.

Mzee Swedi aliinuka. Alivaa kofia yake akaenda kuwapa mamba chakula.

Nilipanda mteremko mbio. Shangazi alikuwa kwenye cherehani, na nilipomaliza kueleza, gurudumu lilikuwa limesimama na mguu wake bado uko juu ya pedali. Aliinuka, akaenda jikoni, na hapo ndipo alipofanya kosa ambalo naamini lingefanywa na mtu wa kwetu peke yake. Alijiandaa kama anayekwenda ukweni. Alipika ndizi na maharage, akazifunga kwenye jani la mgomba lililopitishwa motoni. Akachukua kifurushi kidogo cha kahawa ya kutafuna, zile buni zinazochemshwa na majani yenye harufu nzuri kisha kukaushwa, ambazo kwetu mgeni hupewa kabla ya maneno yoyote. Akavaa kanga mpya, akafunga nyingine begani, akanivalisha gauni la kanisani. Tukashuka.

Bustani ilikuwa imejaa, kwa sababu shule zilikuwa zimefungwa. Shangazi alipita katikati ya watu kama mtu aliyealikwa, akapiga magoti mbele ya banda, akafungua jani la mgomba na kulisukuma chini ya waya pamoja na buni zake.

"Waitu, mae," alimwambia pongo, kwa maneno ambayo kwetu humwambii ila mama mwenye heshima. "Tumechelewa kukuona. Tusamehe. Karibu ule."

Pongo alirudi nyuma hatua mbili. Vijana watatu waliokuwa karibu waliangua kicheko.

"Mama, muulize kama anataka na chai!"

"Amesema ndizi hazina chumvi!"

Nilitamani ardhi inifiche mimi na gauni langu la kanisani. Mzee Swedi alikuja, akaokota buni mbili, akazitia mdomoni na kutafuna taratibu, jambo ambalo hadi leo namshukuru kwalo, kwa kuwa lilimfanya Shangazi asiwe ameleta zawadi isiyopokelewa. Kisha akasema kwa upole, "Fundi, huyu hali vilivyopikwa."

"Ninyi mnampa nini, Ta Swedi?" Shangazi aliuliza, akimwita mzee kwa Kihaya.

"Nyasi. Nakata pale ziwani, zilezile za pundamilia. Mbichi, nzuri."

Shangazi aliinuka. Aibu ilikuwa imemtoka, na mahali pake palikuwa na mshangao mtupu. "Nyasi? Huyu ni ng'ombe?"

Ndipo alipotueleza, kwa sauti ambayo hata wale vijana waliisikia, jinsi mambo yalivyokuwa Izimbya alikokulia. Alfajiri pongo waliingia kwenye kibanja, shamba la migomba linalozunguka nyumba, na kwa kuwa hakuna mtu wa ukoo ambaye angewatupia jiwe, walikula walivyotaka. Kila mtoto wa nyumba ile alijua walichochagua, kwa sababu ndicho kilichokosekana asubuhi: vikonyo vya maharage na matembele, ncha laini tu. Nyasi waliziruka kama mtu anavyoruka dimbwi. Mzee Swedi alivua kofia. Miaka yote alikuwa amelisha pundamilia na kobe, lakini pongo hajawahi, na hakuona haya kusema hivyo mbele ya watu.

"Koku," Shangazi aliniambia, "kimbia."

Nilikimbia na gauni langu hadi bustani ya mboga nyuma ya nyumba, nikakata matembele kwa mikono, nikang'oa maharage ambayo Shangazi alikuwa ameyapalilia wiki ileile, nikarudi nimekumbatia majani hadi kidevuni. Mzee Swedi aliyaingiza ndani. Pongo alinyoosha shingo. Pua yake ilicheza. Watu wote wakasogea waone, waya ukalia, mtoto mmoja akapiga kelele ya furaha, na pongo akarudi katikati ya banda akasimama kama mwanzo. Nilihisi machozi yakija. Kilichobaki kilikuwa Ijumaa moja.

Shangazi alitazama zile nyuso zilizolizunguka banda pande zote nne. Kisha akasema jambo ambalo lilikuwa la kawaida kabisa kwake. "Nyumbani, akija kula, baba alitugeuza. Kama tulivyogeuka mkwe anapokula. Mgeni hatazamwi mdomoni." Akapiga makofi mawili kama mwalimu wa kwaya. "Haya, geukeni. Wote. Geukeni!"

"Mama," alisema kijana mmoja, "sisi tumelipa kumwona, si kumpa mgongo!"

"Na Jumamosi utamwona kwenye sufuria. Geuka, baba."

Sijui ni lile neno sufuria au ni ile sauti yake. Mzee Swedi aligeuka wa kwanza, mikono nyuma, kama askari. Mimi nikafuata. Kisha mama mmoja na watoto wake, kisha mwingine, na mwishoni wale vijana watatu, wakisukumana na kuficha kicheko. Fikiria picha hiyo: umati wa watu katika bustani ya wanyama, mchana kweupe, wamelizunguka banda na kuligeuzia kisogo, kila mmoja akitazama ziwa au mgomba au viatu vyake. Kimya kikatanda. Nyuma yangu nikasikia kwato, moja, nyingine, kisha kimya tena. Kila mshipa wa shingo yangu ulitaka kugeuka. Huyu alikuwa jamaa yangu niliyemngoja tangu nizaliwe, yuko hatua tatu, na kutazama kwangu mara moja tu kungeweza kumrudisha katikati ya banda na kwenye kisu. Niliuma midomo. Ndipo nikaisikia: sauti ndogo ya bua la maharage likikatika. Kisha kutafuna. Nilimtazama Mzee Swedi. Alikuwa amefumba macho, na anatabasamu.

Ijumaa Mzee Swedi aliziba pande tatu za banda kwa matete. Jumamosi mwenye bustani alikuja, akakuta majani ya jana yameisha, akaghairi kumchinja. Pongo yule aliishi hapo miaka mingi, na wageni walijifunza kuwa mtu huja taratibu, hunyamaza, na akibahatika huona sikio moja likichungulia. Walioliona sikio hilo walifurahi kuliko waliomwona mamba mzima.

Leo ninafundisha shule ya msingi mjini Bukoba, na bustani ile haipo, zimejengwa nyumba. Sisemi kwamba zamani kulikuwa bora. Mwaka huu niliwapeleka wanafunzi wangu pamoja na binti yangu kutazama wanyama Mwanza, na niliona mengi ya kufurahia: wanyama wana nafasi ya kutembea, wataalamu wanajua nani anakula nini, na hakuna mtoto anayeruhusiwa kuwapigia kelele. Kule Kahororo tuliokoa pongo mmoja kwa bahati. Sasa wengi wanatunzwa kwa elimu, na hilo ni jema. Watoto walirudi na picha za kila mnyama, mkao kwa mkao, mpaka meno. Niliwapongeza, maana walitazama kwa makini na waliuliza maswali mazuri.

Jioni, tukiwa tunasubiri meli ya kurudi, binti yangu alinipitishia picha hizo kwenye simu, kisha akaniuliza yule pongo wa Shangazi alikuwaje alipokula siku ile ya kwanza. Nilimwambia sijui, sikumwona. Aliniangalia kwa huruma, kana kwamba mimi nilikosa jambo kubwa.

"Basi ulikuwa umesimama pale kwa nini, mama?"

"Ili ale," nilimjibu.

Akaizima simu, kisha akaniomba nimwelezee ile sauti ya bua likikatika.