Koti la Mama Kucha Lililofunika Majani

Saa mbili asubuhi, Mama Kucha anapaka jani rangi ya kucha. Ile ile ya wanawake, isipokuwa hii ni angavu kama maji, haina wekundu. Anaipuliza ikauke, anaibandua kwa utepe wa gundi ikiwa na chapa ya jani, anaiweka chini ya hadubini.

"Hebu chungulia," anamwambia mwandishi wa makala haya.

Lo! Jani zima ni vinywa vitupu, vidogo vidogo, kila kimoja na midomo miwili. Ni matundu ambayo mmea hupitishia hewa na mvuke. Kazi yake ni kuyahesabu.

Zamani alikuwa akipaka kucha saluni. Kituo hiki cha utafiti wa mimea kilimpa mkataba wa muda kwa sababu mkono wake hautetemeki.

Miezi mitatu iliyopita, nusura aupoteze mkataba huo. Jani lililokua kwenye mwanga mkali huwa na matundu mengi kuliko la kivulini. Lakini kwenye miche mitatu, majani machanga ya juu kabisa, yaliyomulikwa na taa mchana kutwa, yalikuwa na matundu kumi na saba tu kila alipochungulia. Ya miche mingine, thelathini na moja.

"Bosi akaniambia, 'Dada, ulikuwa unasinzia. Ukikosea tena, basi.' Nikarudia mara nne. Kumi na saba!"

Ndipo macho yake yakatua kwenye koti lake. Kila asubuhi alikuwa akilitundika ukingoni mwa rafu, na lilikuwa limeyafunika majani makubwa ya chini ya miche ile ile.

"Nikinyamaza, nitaonekana sijui kuhesabu. Nikisema, nimewaharibia jaribio. Nikasema."

Bosi aliliangalia koti, akaiangalia miche, akaketi juu ya ndoo. Jambo hilo alikuwa amelisoma tu vitabuni: majani makubwa huonja mwanga, kisha huyapelekea habari machanga, nayo hujijenga kwa habari hiyo.

"Akacheka! 'Mama Kucha, kesho lete makoti mawili.'" Mkataba ukaongezwa mwaka mzima.

"Jani halina ulimi, jamani, na limemwambia mwenzake! Mpaka leo nikilifikiria, mwili unanisisimka."

Mwezi ujao anaanza masomo ya jioni, aendelee pale alipoachia shule, kidato cha pili. Binti yake wa darasa la tano anamtania eti atavaa sare.

"Acha anicheke," anasema, akilitundika koti nyuma ya mlango. "Jani la chini ni mimi, changa la juu ni yeye."